Fundi Ndani ya Kijidudu: Historia ya RNA Inayofanya Kazi

   Mara nyingi tunazungumza juu ya mambo ya kufanya nyumbani: kunyonyesha, chanjo, maji safi, chandarua. Leo tutakwenda kwa njia nyingine kidogo. Tutasimulia historia. Ni historia ya kitu kidogo sana kiitwacho RNA, na jinsi wataalamu walivyogundua kwamba kitu hicho ni fundi.

Huenda ukauliza, "Mtoto wangu anakohoa, historia hiyo itanisaidia nini?" Swali zuri. Dawa nyingi za kupigana na bakteria, kama vile erithromaisini, azithromaisini na jentamaisini, hufanya kazi kwa kumzuia fundi huyo ndani ya kijidudu. Ukimjua fundi huyo, utaelewa kwa nini dawa hizo hazisaidii mafua, kwa nini kipimo cha mtoto hupimwa kwa kilo zake, na kwa nini mhudumu wa afya anakusihi usigawe dawa ya mtoto mmoja kwa watoto watatu.

Kichocheo ni nini?

Tuanzie jikoni. Umepika uji wa wimbi ukawa mzito. Ukiuepua, ukauacha upoe kidogo, kisha ukatia kijiko cha unga wa kimea, yaani nafaka iliyoloweshwa ikachipuka, ikaanikwa na kusagwa, baada ya muda mfupi uji ule unakuwa mwepesi na utamu wake unaongezeka. Hukuongeza maji wala sukari. Ndani ya kimea mna kitu kinachokata wanga wa uji vipande vidogo vidogo. Kinakata hapa, kinakwenda kukata pale, nacho chenyewe hakiishi. Ndiyo sababu kijiko kimoja kinatosha sufuria nzima.

Kitu kinachoharakisha kazi ya kikemia bila chenyewe kuisha huitwa kichocheo. Vichocheo vinavyotengenezwa na viumbe hai tumezoea kuviita vimeng'enya. Mate yako yana kimeng'enya, na ndiyo maana ukitafuna mkate kwa muda mrefu unakuwa mtamu mdomoni. Tumbo la mtoto wako lina vimeng'enya vya kusaga maziwa anayonyonya. Bila vichocheo, kazi ambayo mwili huimaliza kwa nukta chache ingekawia mno, na uhai haungewezekana.

Mama zetu walikitumia kimea kabla ya mtaalamu yeyote kukiandikia kitabu. Katika maandishi ya sayansi, kitu hicho cha ndani ya kimea kilitolewa na kuelezwa huko Ufaransa mwaka wa 1833 na wanakemia wawili, Anselme Payen na Jean-François Persoz. Mwaka wa 1897, huko Ujerumani, Eduard Buchner aliisaga hamira mpaka seli zake zote zikapasuka, akachukua majimaji yake tu, akaona bado yanaweza kuchachusha sukari. Kwa hivyo hamira si lazima iwe hai ndipo kazi ifanyike; vimeng'enya vyake vinatosha. Buchner alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1907.

Lakini vimeng'enya vyenyewe vimetengenezwa kwa nini? Jibu lilitoka kwa Mmarekani James Sumner. Huyu alikuwa amepoteza mkono wake wa kushoto katika ajali ya bunduki akiwa kijana, naye alikuwa mtu wa mashoto. Alijifunza upya kufanya kila kitu kwa mkono wa kulia, hata kazi za maabara. Alianza mwaka wa 1917 kutafuta kimeng'enya katika aina fulani ya maharagwe makubwa, na mwaka wa 1926 akakipata kikiwa safi, katika punje ndogo kama za chumvi. Alipozipima, zilikuwa protini. Wakubwa wa sayansi walimpinga kwa miaka, lakini mwishowe wakakubali, naye akapata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1946.

Kuanzia hapo kanuni ikaingia vitabuni na wanafunzi wakaikariri: kila kimeng'enya ni protini. Kumbuka sentensi hiyo, kwa sababu ndiyo itakayovunjika katika hadithi yetu.

Kitabu cha mapishi na karatasi ya kunakili

Sasa tuijue RNA. Pengine umesikia juu ya DNA, hasa katika kesi za kutafuta baba wa mtoto. DNA ni kama kitabu kikubwa cha mapishi kilichofungiwa kabatini. Ndani yake mna maagizo ya kutengeneza kila protini ya mwili. Kitabu hicho hakitolewi kwenda jikoni, kisije kikamwagikiwa na mchuzi. Badala yake, mwili hunakili pishi moja linalotakiwa kwenye kikaratasi, na kikaratasi ndicho kinachopelekwa jikoni. Kikaratasi hicho ni RNA.

RNA ni mnyororo mrefu ulioandikwa kwa herufi nne tu: A, U, G na C. Kwa miaka mingi wataalamu waliiona RNA kuwa tarishi, mchukuzi wa ujumbe, au kiunzi cha kushikilia vitu. Kazi ya kukata na kuunganisha waliiachia protini. Mnamo 1967 na 1968, wataalamu watatu, Carl Woese, Francis Crick na Leslie Orgel, waliandika kwamba huenda RNA nayo ingeweza kuwa kichocheo. Lakini hilo lilikuwa wazo tu. Hakuna aliyekuwa ameiona RNA ikifanya kazi hiyo.

Boulder, 1982: karatasi inajikata

Katika mji wa Boulder, jimbo la Colorado huko Marekani, alikuwako mwalimu kijana wa chuo kikuu aitwaye Thomas Cech. Alikuwa akichunguza kiumbe kidogo cha seli moja kinachoishi katika maji ya vidimbwi, kiitwacho Tetrahymena. Ndani yake aliona RNA moja ambayo, ikishanakiliwa, huwa na kipande cha katikati kisichotakiwa. Kipande hicho hukatwa na kutolewa, na ncha mbili zilizobaki huunganishwa, kama fundi cherehani anayetoa sehemu mbovu ya kitambaa na kushona upya.

Cech na wanafunzi wake walitaka kumjua fundi anayekata. Kwa kuwa kanuni ilisema kila kimeng'enya ni protini, walitafuta protini. Walijaribu kuiondoa ili waone kazi ikisimama. Walichemsha. Wakatia sabuni kali inayoharibu protini. Wakatia vimeng'enya vinavyokula protini. Kazi haikusimama! RNA iliendelea kukatwa na kuunganishwa vilevile.

Wangeweza kusema kwamba kuna protini sugu iliyojificha, wakaacha hapo. Lakini walifanya jaribio moja zaidi. Waliitengeneza RNA ile upya katika neli ya majaribio, kutoka kwa DNA iliyokuzwa ndani ya bakteria, bila kuigusa Tetrahymena hata kidogo. RNA hiyo haikuwahi kukutana na protini yoyote ya kiumbe kile. Walipoitia katika maji yenye chumvi, madini ya magnesiamu, na molekuli moja ndogo ya kuanzisha kazi, ilijikata yenyewe na kujiunganisha yenyewe.

Basi ile karatasi ya mapishi ilikuwa imeshika kisu. Habari hiyo ilichapishwa mwezi wa Novemba mwaka wa 1982. Cech na wenzake waliipa RNA ya namna hiyo jina jipya, ribozimu, yaani RNA inayofanya kazi ya kimeng'enya.

Yale, 1983: mkasi usio na protini

Upande wa pili wa Marekani, katika Chuo Kikuu cha Yale, Sidney Altman alikuwa akichunguza jambo linalofanana na hilo. Altman alizaliwa Montreal, Kanada, mwaka wa 1939, kwa wazazi wahamiaji. Mamake alikuwa amefanya kazi katika kiwanda cha nguo na babake aliuza duka la vyakula. Yeye alichunguza mkasi mmoja ndani ya bakteria wanaoishi utumboni. Mkasi huo hupunguza ncha za RNA nyingine kabla hazijaanza kazi.

Mkasi ule ulikuwa na sehemu mbili zilizoshikamana: RNA na protini kidogo. Mnamo 1978 mwanafunzi wake, Benjamin Stark, alionyesha kwamba ukiiharibu RNA, mkasi haukati tena. Watu wengi waliona vigumu kuamini. Walidhani RNA ni mpini tu, na makali yako kwenye protini.

Mwaka wa 1983, Cecilia Guerrier-Takada katika maabara ya Altman, akishirikiana na kikundi cha Norman Pace, alifanya jaribio la kutenganisha sehemu hizo mbili. Neli moja ilikuwa na protini peke yake, haikukata. Neli nyingine ilikuwa na RNA peke yake pamoja na magnesiamu nyingi, ilikata. Ikakata tena na tena, bila yenyewe kuisha, kama kimea kwenye uji. Hiyo sasa ilikuwa kichocheo kamili.

Mwaka wa 1989 Cech na Altman walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa pamoja. Altman alifariki mwaka wa 2022. Sentensi iliyokaririwa shuleni kwa zaidi ya miaka 50 ilibidi isahihishwe: vimeng'enya vingi ni protini, lakini vingine ni RNA.

Jiko la mwili: ribosomu

Hadi hapo ungeweza kusema kwamba hayo ni mambo ya vidimbwi na bakteria, hayamhusu mtoto wako. Subiri kidogo.

Katika karibu kila seli ya mwili kuna majiko madogo yaitwayo ribosomu. Seli moja inaweza kuwa na mamilioni ya majiko hayo. Kikaratasi cha RNA kinapofika hapo, ribosomu inakisoma herufi tatu tatu na kuunganisha protini kipande kwa kipande. Misuli ya mtoto wako, damu yake, kinga yake, vyote vina protini zilizounganishwa hapo. Na wewe unayenyonyesha, protini zote za maziwa yako, zikiwemo zile zinazomkinga mtoto na maradhi, ziliunganishwa na ribosomu. Hakuna kiumbe hai chenye seli kinachoweza kukaa bila ribosomu, na bakteria wanazo zao.

Ribosomu ina RNA na protini pia. Swali likarudi lilelile: ni nani hasa anayeunganisha? Mwaka wa 1992 Harry Noller wa California aliondoa karibu protini zote za sehemu kubwa ya ribosomu, na bado ilionyesha uwezo wa kuunganisha. Hiyo ilikuwa dalili kubwa. Lakini kumaliza ubishi ilihitajika picha.

Hapa anaingia mwanamke mmoja ambaye habari zake zinafaa kusimuliwa kwa binti zetu. Ada Yonath alizaliwa Jerusalem mwaka wa 1939 katika familia maskini. Babake alifariki yeye akiwa na miaka 11, akawa anamsaidia mamake kutafuta riziki huku akisoma. Mwishoni mwa miaka ya 1970 aliamua kuipiga ribosomu picha kwa miale ya eksirei. Ili picha ipatikane, ribosomu zinatakiwa zipangike kwa utaratibu, kama mawe ya ukuta, ziwe punje ngumu. Wengi walisema haiwezekani, kwa sababu ribosomu ni kubwa, laini na huharibika upesi. Wengine walimcheka.

Wazo lilimjia alipokuwa akipata nafuu baada ya kuanguka kwa baiskeli. Alisoma kwamba dubu wa nchi za baridi wanapolala majira yote ya baridi, ribosomu zao hujipanga kwa utaratibu ndani ya seli. Akafikiri: ikiwa dubu anaweza kuzipanga, basi zinapangika. Alichagua vijidudu wanaoishi mahali pagumu, kwenye joto kali na kwenye Bahari ya Chumvi, kwa kuwa ribosomu zao ni imara zaidi. Mwaka wa 1980 akapata punje za kwanza. Miale ilipoziharibu, akajifunza kuzigandisha kwa baridi kali mno. Kazi hiyo ilimchukua miaka 20.

Mwaka wa 2000 picha zilitoka katika maabara tatu: ya Yonath, ya Thomas Steitz na Peter Moore huko Yale, na ya Venki Ramakrishnan huko Uingereza. Picha ya Yale ilijibu swali waziwazi. Mahali pale hasa ambapo vipande vya protini huunganishwa hapakuwa na protini yoyote iliyo karibu. Palikuwa na RNA tu. Mpishi mkuu wa kila seli, ndani yako, ndani ya mtoto wako na ndani ya bakteria, ni ribozimu.

Mwaka wa 2009 Yonath, Steitz na Ramakrishnan walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Yonath alikuwa mwanamke wa nne kupata tuzo hiyo ya kemia tangu ilipoanzishwa, na wa kwanza tangu mwaka wa 1964.

Dawa zilitangulia, maelezo yakafuata

Jambo la kushangaza ni kwamba dawa zinazompiga fundi huyo zilikuwa zimetumika kwa miaka mingi kabla hajajulikana. Streptomaisini ilipatikana mwaka wa 1943 kutoka kwa viumbe vya udongoni. Kloramfenikoli ilifuata mwaka wa 1947. Mwaka wa 1949 daktari wa Ufilipino, Abelardo Aguilar, alituma Marekani udongo kutoka Iloilo, na kutokana na udongo huo ikapatikana erithromaisini, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1952. Jentamaisini ilitangazwa mwaka wa 1963.

Madaktari walijua kwamba dawa hizi zinaponya, lakini hawakuziona zikifanya kazi. Kuanzia mwaka wa 2000 na 2001 picha zilionyesha dawa zenyewe zikiwa zimekaa ndani ya ribosomu ya bakteria, zimeegemea kwenye RNA. Kloramfenikoli hukaa palepale pa kuunganishia. Erithromaisini na azithromaisini huziba mlango ambao protini mpya hutokea. Jentamaisini hukaa mahali pa kusomea herufi, bakteria akasoma pishi vibaya na kutengeneza protini mbovu.

Sasa, mama, uliza swali la muhimu: kama mimi na mwanangu tuna ribosomu, kwa nini dawa isizime zetu pia?

Jibu liko katika herufi. RNA kubwa ya ribosomu ya bakteria ina herufi kama 2,900. Mahali ambapo erithromaisini huegemea, bakteria wana herufi A. Katika ribosomu kuu za binadamu, mahali palepale pana herufi G. Tofauti hiyo ya herufi moja ni sababu mojawapo kubwa ya dawa kumshika bakteria na kumwacha mtoto wako.

Lakini herufi hiyohiyo ndiyo pia udhaifu wetu. Bakteria wengine hupata mabadiliko pale, A ikawa G. Wengine hubandika kifuniko kidogo sana juu ya ile A. Dawa ikifika haipati pa kushika. Huyo ndiye tunayemwita bakteria sugu. Mtoto anakunywa dawa, chupa inaisha, na homa iko palepale. Makadirio yaliyochapishwa mwaka wa 2022 yanaonyesha kwamba katika mwaka wa 2019 pekee, watu wapatao milioni 1.27 duniani walifariki moja kwa moja kutokana na bakteria sugu.

Dawa haimfundishi bakteria kubadilika. Mabadiliko hutokea yenyewe, kwa mmoja kati ya wengi. Ila kila tunapotumia dawa, bakteria dhaifu hufa na sugu hubaki wakiwa na nafasi kubwa ya kuzaana. Tukitumia dawa pasipo haja, tunawafagilia njia.

Mambo haya yanakuhusu vipi nyumbani?

Kwanza, mafua. Mafua ya kawaida na vikohozi vingi vya watoto huletwa na virusi. Virusi havina ribosomu zao. Huingia katika seli za mtoto na kutumia ribosomu za mtoto mwenyewe. Kwa hivyo ukimpa mtoto erithromaisini kwa ajili ya mafua, dawa haina fundi wa kumzuia. Itawapiga tu bakteria wengine mwilini, na kuwaacha wale sugu.

Pili, amoksilini. Dawa hii ambayo watoto wengi hupewa kwa nimonia haigusi ribosomu. Yenyewe huzuia ujenzi wa ukuta wa bakteria, na seli zetu hazina ukuta kama huo. Lakini sheria ni ileile: haitibu virusi, na bakteria wanaweza kuizoea.

Tatu, kipimo. Mwaka wa 1959 madaktari wa Los Angeles walieleza jinsi watoto wachanga waliopewa kloramfenikoli kwa wingi walivyogeuka rangi ya kijivu na wengine kufariki. Ini la mtoto mchanga halikuweza kuiondoa dawa hiyo mwilini. Tangu hapo imejulikana wazi kwamba mtoto si mtu mzima mdogo. Kipimo chake hutokana na umri na kilo zake, si makisio ya jirani.

Nne, masikio. Ndani ya seli zetu kuna viwanda vidogo vya nguvu viitwavyo mitokondria, ambavyo tunavirithi kutoka kwa mama. Vina ribosomu zao, nazo zinafanana kidogo na za bakteria. Mwaka wa 1993 wataalamu waligundua kwamba watu wenye badiliko la herufi moja katika RNA hiyo wanaweza kupoteza uwezo wa kusikia wakidungwa dawa za jamii ya jentamaisini. Badiliko hilo ni kosa la herufi tu, wala si kosa la mama. Jentamaisini huokoa watoto wachanga wengi wenye maambukizi makali, kwa hivyo usiikatae. Lakini ikiwa katika ukoo wenu, hasa upande wa mama, kuna mtu aliyepata uziwi baada ya kudungwa sindano, mwambie daktari kabla mtoto hajadungwa.

Mambo ya kukumbuka

1. Usinunue dawa ya bakteria dukani kwa kubahatisha. Mpeleke mtoto apimwe kwanza.

2. Mpe mtoto kipimo alichoandikiwa, kwa saa zilizoandikwa na kwa siku zilizoandikwa. Usikatishe kwa sababu amechangamka. Ukiona dawa inamdhuru, rudi kituoni.

3. Usiwagawie ndugu zake dawa hiyo, wala usiweke masalio kwa ajili ya ugonjwa ujao.

4. Dawa ya unga ichanganywe na maji yaliyochemshwa yakapoa, hadi kwenye alama ya chupa. Tikisa kila mara kabla ya kupima. Soma kibandiko ujue iwekwe wapi na itupwe baada ya siku ngapi.

5. Chanjo, kunyonyesha na kunawa mikono kwa sabuni hupunguza magonjwa, na kwa hivyo hupunguza haja ya dawa.

6. Usingoje wala usijaribu dawa ya nyumbani ukiona mtoto hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege, amelegea au hazinduki, anapumua haraka, au mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi. Mkimbize kituo cha afya mara moja, hata kama ni usiku.

Maswali ya kujadiliana kikundini

Kwa nini dawa ya bakteria haina kazi kwa mafua? Ni jambo gani hutokea herufi moja ya RNA ya bakteria inapobadilika? Katika mtaa au kijiji chenu, watu hupata wapi dawa za watoto, na ni nani anayewaeleza kipimo?

Mpendwa mzazi na mlezi, wataalamu waliingia kazini miaka mingi wakitafuta protini, na wakakuta RNA. Walichokikuta kimetuonyesha kwamba dawa ya mtoto wako inategemea tofauti ndogo mno kati ya fundi wetu na fundi wa bakteria. Hatuna tofauti nyingi za namna hiyo za kutegemea, na kutengeneza dawa mpya huchukua miaka mingi. Zile tulizo nazo, tuzitunze. Chupa iliyo mkononi mwako ikitumika sawasawa, inamtibu mwanao leo na kumwekea akiba mtoto atakayeugua kesho.